Baridi yabisi: Pale Ayurveda inapofaa na pale inapoweza kukuponza

SHANGAZI yangu, mwalimu mstaafu aliyeandika ubaoni kwa zaidi ya miaka 30, alianza kushindwa kushika kikombe cha chai mwaka wa 2018. Kila asubuhi vidole vya mikono yake yote miwili vilikuwa vimevimba na kukakamaa, na ilimchukua zaidi ya saa nzima kabla havijalegea kiasi cha kumwezesha kufunga vifungo vya blauzi.

Daktari katika hospitali moja ya rufaa alimpima damu na kumpiga picha za mikono, kisha akamweleza kwamba anaugua athraitisi ya rumatoidi. Hiyo ni aina ya baridi yabisi ambapo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kushambulia viungo vyake. Aliandikiwa tembe za methotreksati, za kumezwa mara moja tu kwa juma, na baada ya miezi michache uvimbe ukaanza kupungua.

Hapo ndipo jirani mwenye nia njema alipompeleka kwa mwuzaji mmoja jijini Nairobi. Aliuziwa vidonge vyeusi vilivyofungwa katika karatasi isiyokuwa na jina la dawa, wala la kiwanda, wala maelezo ya vitu vilivyomo. Aliambiwa kwamba ni dawa za Ayurveda kutoka India, kwamba haziwezi kumdhuru kwa kuwa ni mitishamba mitupu, na kwamba aachane na kemikali za hospitali.

Juma la kwanza alinipigia simu kwa furaha. "Mwanangu, leo nimefua nguo zangu mwenyewe," akasema. Kufikia mwezi wa tatu uso wake ulikuwa umevimba na kuwa mviringo kama sahani, na sukari katika damu yake ilikuwa imepanda ingawa hakuwahi kuugua kisukari. Daktari aliyemwona alishuku mara moja kwamba vidonge vile vilikuwa vimechanganywa na steroidi.

Vidonge vilipokwisha, maumivu yalirejea kwa kishindo. Wakati anarudi kwenye dawa zake za awali, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwisha kupinda, na havijanyooka hadi leo.

Sikisimulii kisa hiki kwa nia ya kuipaka tope Ayurveda. Tabibu yeyote aliyehitimu katika fani hiyo angemkana mwuzaji yule kabla sijafungua kinywa changu. Nakisimulia kwa sababu watu wengi huniuliza siku hizi, kana kwamba jibu ni moja, iwapo Ayurveda inatibu baridi yabisi au haitibu. Swali hilo halijibiki mpaka tujue kwanza ni baridi yabisi ipi.

Jina Ayurveda lenyewe si geni tena kwa Wakenya. Mnamo Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alieleza katika hotuba yake ya redio jinsi binti ya aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, Raila Odinga, alivyopata nafuu ya macho baada ya kutibiwa kwa Ayurveda katika jimbo la Kerala. Ni katika jimbo hilo hilo, mjini Koothattukulam, ambako Raila mwenyewe aliaga dunia mnamo Oktoba 15, 2025, akiwa amekwenda huko kwa matibabu. Wengi ambao hawakujua Kerala iko upande gani wa ramani walilijua jina lake siku hiyo.

Lakini hata kabla ya hapo, Mswahili alikuwa akitamka fikra inayokaribiana sana na ya Ayurveda kila alipolalamikia magoti yake. Baridi yabisi ni maneno mawili yenye asili ya Kiarabu: baridi, na yabisi, yaani kitu kikavu au kigumu. Ni msamiati wa tiba ya kale ya Wagiriki, iliyoendelezwa na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, ambao waliyapanga magonjwa kwa joto na baridi, kwa unyevu na ukavu.

Ayurveda nayo huuona mwili kuwa unaendeshwa na nguvu tatu, ziitwazo vata, pita na kafa. Afya ni pale zinapolingana, na ugonjwa ni pale moja inapowazidi wenzake. Vata ndiyo nguvu ya upepo na mwendo, na miongoni mwa sifa zake za kwanza ni mbili: ubaridi na ukavu. Ndiyo inayolaumiwa kwa maumivu ya maungo, hasa uzeeni, kwa kuwa umri wa uzee huhesabiwa kuwa ni wakati wa vata.

Sidai kwamba neno letu lilitoka India. Ninachosema ni kwamba anayefikiri Ayurveda ni jambo geni lililoshuka juzi kwa ndege, huku akijikanda mafuta ya moto kufukuza baridi mifupani, hajakisikiliza vyema Kiswahili chake mwenyewe.

Neno Ayurveda ni la Kisanskriti, nalo huunganisha uhai na elimu. Misingi yake imo katika vitabu vinavyonasibishwa na matabibu wa kale, hasa Charaka na Sushruta, ambavyo vina umri wa takriban miaka 2,000. Nchini India hii si kazi ya vichochoroni. Mwanafunzi husomea shahada kwa miaka minne na nusu, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Tangu Novemba 2014 kumekuwa na wizara kamili ya serikali, AYUSH, inayosimamia tiba hiyo pamoja na yoga, unani, sida na homeopathi.

Kwetu, ujuzi wa dawa za jikoni za Kihindi uliandamana na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat waliovuka bahari kwa majahazi. Ulizidi kuenea walipoletwa vibarua zaidi ya 30,000 kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Hata mwarobaini, ambao nyanya zetu wa Pwani wangeapa kwamba ni mti wa kwao, asili yake ni Bara Hindi.

Sasa turejee kwenye swali la aina. Maradhi ya viungo ni mengi, lakini matatu ndiyo yanayowasumbua watu wengi zaidi.

La kwanza ni la uchakavu. Gegedu, ile tabaka laini inayozuia mfupa usisugue mfupa mwenzake, huchakaa pole pole, hasa magotini, nyongani, uti wa mgongo na kwenye vidole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka wa 2019, na goti ndilo lililoathirika zaidi. Maumivu yake huzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi, na hupungua anapopumzika. Ukakamavu wa asubuhi, ikiwa upo, huisha kwa muda usiozidi nusu saa hivi.

La pili ni athraitisi ya rumatoidi, ile ya shangazi. Hii iliwapata watu milioni 18 duniani mwaka huo wa 2019, na takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake. Kwa kawaida huanza na viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Ukakamavu wake wa asubuhi hukaa zaidi ya saa moja, na mgonjwa huweza kuwa na homa, uchovu na kupungua uzani. Ugonjwa huu haukomei kwenye viungo. Huweza kuathiri mapafu, macho na moyo.

La tatu ni jongo, linalotokana na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Hili humjia mtu usiku kwa ghafla, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba hata uzito wa shuka huwa hauvumiliki.

Jambo ambalo wauzaji wa vidonge vyeusi hawatakwambia ni kwamba Ayurveda yenyewe haijawahi kuyachanganya maradhi haya. Charaka anaeleza ugonjwa ambao vata imeingia kiungoni, sandhigatavata, ambapo kiungo kikiguswa huwa kama mfuko wa ngozi uliojaa upepo. Matabibu wa leo huulinganisha na ule wa uchakavu. Jongo hulinganishwa na vatarakta, ugonjwa wa vata na damu.

Ugonjwa unaolinganishwa na athraitisi ya rumatoidi ulipata sura yake kamili katika kitabu cha tabibu Madhava, cha karne ya saba au ya nane hivi. Unaitwa amavata. Ama ni uchafu unaonata ambao, kwa mujibu wa nadharia hiyo, huzalika moto wa tumbo unapokuwa dhaifu na chakula kikakosa kusagika sawasawa. Uchafu huo hubebwa na vata hadi kwenye viungo, ukavivimbisha na kuvikakamaza.

Msomaji anaweza kuikubali nadharia hiyo au kuikataa. Hakuna darubini iliyowahi kuonyesha ama. Hata hivyo, kuna matokeo ya kivitendo yanayotokana nayo. Kwa ugonjwa wa uchakavu, ambao ni wa ukavu mtupu, tabibu huagiza mafuta ndani na nje. Kwa amavata huanza kwa njia iliyo kinyume kabisa: mgonjwa hupunguziwa chakula, hupewa tangawizi kavu na vitu vichungu vya kuamsha moto wa tumbo, na hukandwa kwa joto kavu, kama vile mchanga wa moto uliofungwa kitambaani. Kusingwa kwa mafuta kiungo kilichovimba na kuwaka katika hatua hiyo ya mwanzo ni kosa kwa mujibu wa vitabu vyao wenyewe.

Kwa hivyo yule anayemmiminia kila mgonjwa mafuta yale yale, na kumuuzia kila mgonjwa vidonge vile vile, hafuati tiba ya hospitali na wala hafuati Ayurveda.

Nchini India, jimbo la Kerala ndilo lenye sifa kubwa zaidi kwa matibabu ya viungo. Huko Kottakkal, katika wilaya ya Malappuram, kuna taasisi ya Arya Vaidya Sala iliyoanzishwa mwaka wa 1902 na tabibu P. S. Varier. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza dawa hizi kiwandani na kuzitia kwenye chupa, badala ya kila mgonjwa kuchemsha magome yake mwenyewe nyumbani.

Wenyeji wa Kerala huuthamini hasa mwezi wa Karkidakam, unaoanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti wakati wa mvua za masika yao, kuwa ndio msimu wa kujitibu maungo.

Mgonjwa wa goti lililochakaa hutarajiwa kukaa wiki mbili hadi tatu. Husingwa kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa pamoja na mitishamba, kisha hufukizwa kwa mvuke. Kuna tiba iitwayo pizhichil, ambapo watu kadhaa humwagia mgonjwa mafuta yenye vuguvugu bila kukatiza kwa muda wa saa moja hivi. Nyingine hutumia mchele wa njavara, unaokomaa kwa siku 60 hivi shambani. Mchele huo hupikwa kwa maziwa na mizizi ya dawa, ukafungwa vitambaani na kupapaswa mwilini.

Kwa goti peke yake, hutengenezwa ukuta wa kinyunga cha unga wa dengu nyeusi kuzunguka goti, kisha mafuta ya moto yakatiliwa humo na kuachwa. Mbali na hayo kuna dawa za kunywa, za kusafisha tumbo na za kupitishia njia ya haja kubwa. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, yanapewa cheo kikubwa katika orodha hiyo.

Je, yanasaidia? Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, kwa kuwa ushahidi upo lakini haulingani kwa maradhi yote.

Kwa goti la uchakavu ushahidi una uzito kiasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013, wanasayansi kutoka Pune nchini India waliwagawa wagonjwa 440 kwa kura. Wengine walipewa mchanganyiko wa mitishamba yenye tangawizi, mmea wa guduchi, tunda la amla na utomvu wa shalaki. Wengine walipewa glukosamini, na wengine selekoksibu, dawa ya kisasa ya maumivu. Hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Baada ya wiki 24, mitishamba ilikuwa imepunguza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana na dawa hizo mbili. Hata hivyo, vipimo vya baadhi ya wagonjwa waliotumia mitishamba vilionyesha kwamba ini lilikuwa limesumbuka, ingawa wenyewe hawakuhisi lolote.

Mjini Berlin, Ujerumani, wagonjwa 151 wa goti walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018. Kundi moja lilipata matibabu kamili ya Ayurveda kwa wiki 12, yakiwemo kusingwa, ushauri wa chakula na yoga. La pili lilipata mazoezi na dawa za kawaida. Waliotibiwa kwa Ayurveda walipata nafuu kubwa zaidi. Tusisahau lakini kwamba kila mmoja alijua anatibiwa kwa njia gani, na mtu anayesingwa kwa mikono ya mwenzake mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu ana sababu nyingi za kujihisi vizuri.

Kuhusu utomvu wa shalaki peke yake, ambao ni jamaa wa ubani, uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka wa 2014 na mtandao wa Cochrane ulipata kwamba hupunguza maumivu ya uchakavu na kuboresha mwendo, ila kwa kiasi kidogo.

Wafugaji wa Isiolo, Wajir na Samburu watauliza kuhusu ubani wao, maana miti ya jamii hiyo imejaa huko. Ni miti ya ukoo mmoja, lakini si mti ule ule uliofanyiwa utafiti. Anayeuza utomvu wa Kaskazini kwa kutumia matokeo ya shalaki ya India anamuuzia mtu ng'ombe kwa kumwonyesha picha ya nyati.

Kwa athraitisi ya rumatoidi hali ni tofauti. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka wa 2011, nao ulifanyika Coimbatore kwa ushirikiano na watafiti wa Marekani. Kundi la kwanza lilipewa Ayurveda, la pili methotreksati, na la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 36 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana.

Ni habari njema, ila msomaji ajue hesabu yake: wagonjwa wote kwa jumla walikuwa 43. Hao hawajazi hata matatu mbili za abiria 33, na watafiti wenyewe walisema huo ulikuwa utafiti wa majaribio tu. Isitoshe, kila mgonjwa alitengenezewa dawa zake na matabibu waliobobea, akawa anapimwa damu mara kwa mara. Hakuna anayeweza kuuchukua utafiti huo kuwa kibali cha kuuza vidonge visivyo na jina.

Jambo linaloufanya ugonjwa huu usivumilie majaribio ni wakati. Miezi ya mwanzo baada ya dalili kujitokeza ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Kinga ya mwili ikiachwa iendelee kula gegedu na mfupa, kilicholiwa hakirudi, hata maumivu yakitulizwa. Methotreksati na dawa za jamii yake hazitulizi maumivu tu, bali huzuia ule uharibifu. Hilo ndilo ambalo halijathibitishwa kwa mitishamba yoyote hadi sasa. Shangazi alipoteza miezi mitano. Vidole viwili ndivyo vilivyolipa.

Ni kweli kwamba methotreksati si peremende. Huweza kudhuru ini na kupunguza chembe za damu, na ni marufuku kwa mama mjamzito. Humezwa mara moja kwa juma, na wapo waliofariki kwa kuimeza kila siku kimakosa. Ndiyo maana mgonjwa hupewa asidi ya foliki na kupimwa damu kila baada ya muda. Lakini madhara hayo yanajulikana, yana vipimo, na yana hatua za kuchukuliwa. Vidonge vya kwenye karatasi havina hata jina.

Hoja kwamba mitishamba haiwezi kudhuru ndiyo uongo mkubwa zaidi katika biashara hii. Ipo tanzu ya Ayurveda iitwayo rasashastra ambayo kwa makusudi hutumia madini kama vile zebaki, risasi na arseniki, baada ya kuyachoma na kuyasafisha kwa njia za kale. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. Bidhaa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki.

Utafiti wa pili, wa mwaka wa 2008, ulipima bidhaa 193 zilizouzwa kupitia intaneti, zikiwemo zilizotengenezwa India na zilizotengenezwa Marekani kwenyewe. Tena moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Kwa zile za rasashastra kiwango kilikuwa asilimia 40.6, na kwa zile zisizo za rasashastra asilimia 17.1. Risasi huharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Mimea nayo ina makali yake. Mwaka wa 2021 madaktari mjini Mumbai waliripoti wagonjwa walioathirika ini baada ya kutumia guduchi kwa wingi wakati wa janga la Covid-19. Ripoti za namna hiyo zimetolewa pia kuhusu ashwaganda na kuhusu tembe za manjano iliyokolezwa. Manjano ya kwenye mchuzi haina neno. Lakini tembe zake kwa mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda ni jambo la kumwuliza daktari kwanza. Mzizi wa susi, unaotiwa katika dawa nyingi za Kihindi, huweza kupandisha shinikizo la damu.

Kuhusu steroidi, hatari yake ni mara mbili. Huficha ugonjwa huku ukiendelea kuharibu, na huzoeza mwili kiasi kwamba kuziacha kwa ghafla baada ya miezi kadhaa kunaweza kumwangusha mtu na hata kumuua. Dawa yoyote "ya mitishamba" inayomaliza uvimbe wa miaka kwa siku tatu inapaswa kumtia mtu hofu badala ya furaha.

Hapa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili dawa, zikiwemo za mitishamba. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 pia ina sehemu inayohusu tiba za kiasili na mbadala. Mnunuzi ana haki ya kuuliza nambari ya usajili, jina la kiwanda, tarehe ya kuharibika na orodha kamili ya vilivyomo. Ana haki pia ya kumwuliza anayejiita daktari wa Ayurveda alisomea chuo gani, na ana shahada gani. Aliyesoma hatakasirika.

Kuna ishara moja ambayo mimi huiamini kuliko vyeti vya ukutani. Tabibu mzuri wa Ayurveda atakuuliza unameza dawa gani za hospitali, ataomba kuona vipimo vyako, na hatakwambia uziache. Anayeanza kwa kuitukana hospitali anataka mkoba wako.

Naye daktari wa hospitali aambiwe ukweli. Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa kuogopa kukemewa, na hapo ini likianza kusumbuka daktari hubaki akibahatisha. Tia chupa na pakiti zote kwenye mfuko uende nazo. Nimewahi kumwandamana shangazi kwa daktari wake mpya wa viungo, na mama huyo alizipanga chupa mezani moja moja kama muuza duka, akaruhusu tatu na kukataa mbili. Hakukemea mtu.

Kwa mwenye magoti ya uchakavu, ambao ndio wengi miongoni mwetu tuliovuka miaka 50, Ayurveda ina mengi ya kumpa bila kumhatarisha: kusingwa, joto, chakula chepesi cha jioni, yoga ya taratibu chini ya mwalimu anayejua goti ni nini. Mengi kati ya hayo yanapatana na ushauri wa madaktari wa kisasa, ambao husisitiza mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulipata kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Safari ya Kerala si lazima. Wiki tatu za kusingwa ni ghali, ukijumlisha nauli na malazi, na nafuu yake haidumu iwapo mtu atarejea kukaa kitini kutwa nzima kama tukaavyo sisi wahariri. Mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, mkono wa mtu wa nyumbani, na mwendo wa nusu saa kila siku ni mambo yanayopatikana hata Taveta. Mwenye vidole vinavyovimba pande zote mbili na kukakamaa kila asubuhi, yeye asingoje mafuta wala safari. Akapime damu juma hili.

Shangazi sasa humeza methotreksati yake kila Jumapili jioni. Chai yake ina tangawizi nyingi kupita kiasi. Magoti yake, ambayo daktari alithibitisha kwamba yana ule ugonjwa mwingine wa uchakavu, hukandwa na mjukuu wake kila usiku kabla ya kulala. Kwa kuwa vidole viwili vya mkono wa kulia havishiki tena kalamu, amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na barua aliyoniandikia mwezi uliopita ilisomeka vizuri kuliko nakala nyingi ninazoletewa mezani kwangu kuhariri.